Shajara ya mradi, wiki ya 9: mistari 46 ya ng'ombe isiyoonekana

Jumatatu

Mzee alipiga simu saa mbili asubuhi. Amemaliza faili ya ng'ombe. Kwa waliojiunga na timu majuzi: Mzee ni bwana mifugo mstaafu, yuko Arusha, na ndiye anayepitia majina yote ya magonjwa kabla hayajaingia kwenye orodha yetu ya maneno ya magonjwa ya mifugo. Faili ya ng'ombe ndiyo ngumu kuliko zote 31. Amekaa nayo jioni tatu. Ndigana kali na ndigana baridi, ambazo sisi tulizichanganya tangu mwanzo, amezitenganisha. Ameongeza oltikana, jina la Wamaasai la ndigana kali, na dalili moja moja kama alivyoziona zizini: tezi za chini ya masikio kuvimba, homa, mnyama kuhema kwa shida.

"Nimetuma, binti yangu," alisema. "Lakini sioni kama imekwenda."

Nikavuta kutoka kwenye seva kwa Git, programu inayotunza faili zetu na historia ya mabadiliko yake. Hakuna kipya. Komiti yake ya mwisho, yaani mabadiliko aliyoyaweka kwenye historia hiyo, ni ya wiki ya 6. Nikamwomba afungue dirisha la amri, aandike `git status`, kisha anisomee. Alisoma polepole, herufi kwa herufi pale Kiingereza kilipomkwaza, na maana yake ilikuwa hii: yuko kwenye tawi `main` (mkondo mkuu wa kazi yetu), hakuna cha kukomiti, folda ya kazi ni safi.

Hapo nikafanya kosa, nami naliandika ili lisirudiwe na mtu yeyote katika timu hii. Nilidhani amehifadhi faili mahali pengine, au repo yake (folda ya mradi pamoja na historia yake) imeharibika. Nikamwambia afute folda nzima apakue upya.

Kimya kidogo. Kisha: "Ngoja kwanza. Mimi nikifungua faili naiona kazi yangu. Sasa ukisema nifute, nafuta nini?"

Sikuwa na jibu. Nikamwomba asiguse kitu mpaka kesho, na anakili folda yote kwenye flashi.

Jumanne

Siku nzima imeishia hapa. Tulikuwa kwenye simu tangu saa tatu, yeye Arusha, mimi Morogoro.

Tulianza na yaliyo rahisi. Je, yuko kwenye folda sahihi? Ndiyo. Tawi sahihi? Ndiyo, mstari wa kwanza wa `git status` unalitaja. Je, faili imezuiwa na `.gitignore`, yaani faili ya kanuni zinazoiambia Git ipuuze faili zipi? Kwa swali hili kuna amri yake, `git check-ignore -v`, inayotaja faili ya kanuni na mstari unaozuia. Kabla ya kufika huko tukakwama kwenye jina lenyewe. Mzee aliandika `data/ng'ombe.csv` kama ilivyo, akabonyeza Enter.

"Imefanya nini, Mzee?"

"Haijafanya kitu. Naona mshale mdogo tu, unasubiri."

Ile alama ya king'ong'o katika ng'ombe, kwa ganda la amri (programu inayosoma amri dirishani), ni mwanzo wa nukuu. Linasubiri ifungwe. Ctrl na C, kisha jina zima ndani ya alama za nukuu mbili: `"data/ng'ombe.csv"`. Likakubali. `check-ignore` haikurudisha kitu, kwa hiyo faili haijazuiwa.

Nikamwomba sasa ahesabu mistari mara mbili: ya faili iliyoko kwenye diski, na ya ile iliyoko ndani ya komiti ya mwisho.

```
wc -l "data/ng'ombe.csv"
git show "HEAD:data/ng'ombe.csv" | wc -l
```

Ya kwanza: 164. Ya pili: 118.

Kuna mistari 46 ambayo Mzee anaiona kwa macho yake, nami sasa nina hesabu yake, na bado `git status` inasema folda ni safi. Nilisikia baridi mgongoni. Jana nilikuwa nimemwagiza aifute.

Ilibaki kuiuliza Git inaichukuliaje faili ile kwenye faharasa yake, yaani kumbukumbu yake ya faili inazozifuatilia. Amri ni `git ls-files -v`. Huorodhesha kila faili inayofuatiliwa, na mbele yake herufi moja. Kwa kawaida ni H kubwa.

"Mzee, mstari wa ng'ombe umeanza na herufi gani?"

"h."

"Kubwa au ndogo?"

"Ndogo. Na mbuzi ndogo. Kondoo ndogo. Kuku ndogo." Akaendelea kusoma mpaka akafika `punda.csv`, ambayo mwenzetu wa Dodoma aliiongeza wiki ya 5. "Hii ya punda ni kubwa."

h ndogo maana yake ni kwamba kuna mtu aliyeiambia Git: chukulia kwamba faili hii haijabadilika, usiitazame. Mtu huyo ni mimi. Niliifanya wiki ya 2, kwenye kompyuta yake, nilipopita Arusha. Punda haikuwepo siku hiyo, ndiyo maana imebaki na H yake.

Jumanne, usiku

Naandika chanzo kwa urefu, kwa sababu wiki ya 2 niliandika kwenye shajara hii maneno manne tu: "Kelele za status zimetatuliwa." Hazikuwa zimetatuliwa.

Mzee anafanya kazi katika kitabu kimoja cha Excel, chenye karatasi moja kwa kila mnyama, na makro tuliyomwekea (amri inayojiendesha ndani ya Excel) inatoa kwa mpigo faili zote za CSV, yaani majedwali ya maandishi matupu yanayotenganishwa kwa koma. Zinatoka na mwisho wa mstari wa Windows, yaani baiti mbili, ya 13 na ya 10. Faili zilizoko kwenye repo zina mwisho wa mstari wa Linux, baiti ya 10 peke yake. Tulipoweka Git kwenye kompyuta yake tulichagua faili zibaki zilivyo, isigeuze chochote. Matokeo ni kwamba akibadili neno moja kwenye kuku, `git status` inamwonyesha kwamba kila faili imebadilika. Nami, badala ya kutafuta sababu, niliandika `git update-index --assume-unchanged data/*.csv`. Orodha ikanyamaza. Tukanywa chai.

Wiki ya 6 aliweza kutuma kwa sababu alichogusa ni ile faili mpya ya punda. Hilo ndilo lililotufanya tuamini kwamba mambo yanakwenda.

Sasa, kwa nini Git ina swichi ya hatari namna hiyo? Ukiijua kazi ya `git status` unaelewa. Amri ile hailinganishi faili zako na seva, wala haisomi kila faili mwanzo hadi mwisho. Inalinganisha vitu vitatu viwili viwili: komiti ya mwisho na faharasa, kisha faharasa na faili zilizoko kwenye folda. Mwishoni inaongeza orodha ya faili ambazo haizifuatilii. Faharasa ndiyo ile faili iliyoko `.git/index`, yenye picha ya komiti unayoiandaa. Kwa kila faili imeandikwa ukubwa wake na saa iliyobadilishwa mara ya mwisho. Git huuliza mfumo: ukubwa na saa ni vilevile? Vikiwa vilevile haifungui faili kabisa.

Hii ilikuwa ni lazima tangu mwanzo. Linus Torvalds alipoanza kuiandika Git mwezi wa Aprili 2005, ilikuwa kwa ajili ya msimbo wa Linux, na msimbo huo ulipowekwa ndani ya Git mwezi huohuo ulikuwa na faili zaidi ya 17,000. Huwezi kuzisoma zote kila mtu anapouliza hali. Na kwenye diski ya polepole, hata kule kuuliza ukubwa na saa kwa maelfu ya faili huchukua muda. Kwa watu wa diski hizo kukawekwa `assume-unchanged`: wewe unaahidi kwamba hutaigusa faili, Git inakuamini na inaacha kuuliza. Ni ahadi ya mtumiaji. Mimi niliitoa kwa niaba ya Mzee, kwa faili ambazo kazi yake yote ni kuzigusa, na sikumwambia.

Jumatano

Tumeirudisha. Kwanza ahadi ikaondolewa:

```
git update-index --no-assume-unchanged data/*.csv
git status -s
```

Skrini ikajaa, kama wiki ya 2:

```
 M data/kondoo.csv
 M data/kuku.csv
 M data/mbuzi.csv
 M data/ng'ombe.csv
```

na kuendelea hadi chini. Tazameni ile nafasi tupu kabla ya M. Safu ya kwanza ni ya faharasa, safu ya pili ni ya folda. Nafasi tupu ikifuatwa na M maana yake faili imebadilika kwenye folda, ila bado haijawekwa kwenye faharasa.

Kisha tukafanya kile nilichopaswa kukifanya wiki ya 2. Nikaongeza kwenye repo faili ya `.gitattributes` yenye mstari mmoja, `*.csv text eol=lf`, Mzee akaivuta. Mstari huo unaiambia Git kwamba CSV zote ni maandishi, na ndani ya repo zitunzwe kwa mwisho wa mstari wa Linux, vyovyote zilivyo kwenye diski.

Hapa kuna jambo linalochanganya watu wengi. Baada ya kuweka `.gitattributes`, `git diff` ilionyesha mabadiliko ya ng'ombe peke yake, lakini `git status` iliendelea kuorodhesha faili zote. Sababu ni ule ukubwa. Faili yenye baiti mbili kila mwisho wa mstari ni kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwenye faharasa, na Git ikikuta ukubwa umetofautiana inatosheka kusema imebadilika. Dawa ni `git add data`. Hapo Git inasoma yaliyomo, inageuza miisho ya mistari, na ikikuta ni yaleyale inaandika ukubwa mpya na kuiacha faili. Ilitoa onyo moja kwa kila faili kuhusu miisho ya mistari. Mzee akaogopa, nikamwambia ni kawaida. Kisha:

```
M  data/ng'ombe.csv
```

Mstari mmoja tu. M imehamia safu ya kwanza. Nilimwomba Mzee anisomee `git diff --staged --stat` nami nikawa naandika kwenye daftari. Kisha akakomiti, akatuma, nikavuta, nikahesabu: 164. Oltikana iko kwenye mstari wa 23.

Mzee alisema, "Haya, sasa naweza kunywa chai." Nilimwomba radhi kwa jambo la Jumatatu na kwa jambo la wiki ya 2. Akasema ng'ombe akipotea, humtafuti kwa kubomoa zizi. Nimeiandika hapa kwa sababu ni maneno yake.

Alhamisi

Kwa kuwa sote tumeamka, leo tumepitia tabia za kila mmoja wetu. Mambo mawili yametoka, na la pili limenishtua kuliko hata lile la Mzee.

La kwanza ni la mwenzetu wa Kisumu. Yeye faharasa anaiita steji, kama steji ya matatu, na sasa sote tumelichukua neno hilo. Aliandika "chambafu" kwenye faili ya magonjwa ya kwato na misuli, akaipeleka steji kwa `git add`, ndipo akaona kosa na kusahihisha kuwa "chambavu". Akakomiti. Kwenye seva ikafika "chambafu". Akadhani mtu ameibadilisha.

Ukweli ni kwamba `git add` hupiga picha ya faili wakati ule. Ukisahihisha baadaye, picha iliyoko steji inabaki ya zamani, na kinachopanda gari ni picha. `git status -s` ilikuwa imemwonyesha:

```
MM data/misuli.csv
```

M mbili, moja kwa kila safu: iko steji ikiwa na mabadiliko, na folda ina mabadiliko mengine juu yake. Alipoziona alidhani ni msisitizo. Tangu leo, mwenye MM anaangalia `git diff` kwanza, inayoonyesha kilichobaki nyuma, kisha `git diff --staged`, inayoonyesha kinachoondoka.

La pili ni langu tena. Nina folda mpya ya picha za dalili, nilizopiga kwa ruhusa ya wafugaji. `git status` ilinionyesha mstari mmoja tu:

```
?? picha/
```

Alama mbili za kuuliza ni faili ambazo Git haizifuatilii. Folda ikiwa mpya yote, inaandikwa kwa jina lake peke yake, na yaliyomo hayatajwi. Nilikuwa na kidole juu ya Enter, `git add picha`, nikakumbuka ya Jumatatu, nikarudia `git status` na kuiongezea `-uall`. Folda ikafunguka. Picha 40, na kati yake `wafugaji.csv`: majina na namba za simu za kila aliyeturuhusu kupiga picha, niliyoihifadhi pale siku ile zizini kwa sababu ndiyo folda iliyokuwa wazi.

Watu wale walitupa namba ili tuwarudishie picha zao. Repo yetu iko wazi kwa ulimwengu. Ingekwenda, hata ningeifuta kesho yake ingebaki kwenye historia ya repo. Nimeihamisha nje kabisa ya folda ya mradi, na jina lake nimeliweka kwenye `.gitignore`, ingawa hilo ni la ziada tu: `.gitignore` haifanyi kazi kwa faili ambayo tayari inafuatiliwa. Ikishaingia, imeingia.

Kwa hiyo `-uall` imekuwa kawaida kwetu sote: `git config status.showUntrackedFiles all`. Kwa repo ya ukubwa wetu haina uzito wowote.

Ijumaa

Asubuhi nimeandika upya `hakiki.sh`, ile skripti tunayoiendesha kabla ya kutuma. Ya zamani ilikuwa inachukua matokeo ya `git status`, inakata majina ya faili na kuyapitisha kwa `xargs`, amri inayoyakabidhi majina kwa amri nyingine, ili kuhesabu mistari. Nimegundua kwamba tangu siku ya kwanza ilikuwa inagoma ikikutana na ng'ombe, kwa sababu `xargs` nayo inaiona ile alama kama nukuu isiyofungwa. Mtu alikuwa amezima ujumbe wa kosa, hatukuona kitu. Faili kubwa kuliko zote haijawahi kuhakikiwa hata siku moja.

Mwenzetu mmoja amependekeza tuibadili jina iwe `ngombe.csv`, tatizo liishe. Nimekataa, na nitaendelea kukataa. Tunatengeneza orodha ya maneno. Ng' na ng ni sauti mbili, na orodha ya maneno inayoandika jina la mnyama vibaya ili kuifurahisha programu haina haki ya kumsahihisha mtu mwingine. Na dawa ipo, ya kawaida kabisa: majina yatenganishwe kwa baiti ya sifuri, ambayo haiwezi kuwemo ndani ya jina la faili.

```
git ls-files -v | grep '^[[:lower:]S]'
git ls-files -m -o --exclude-standard -z | xargs -0 wc -l
git fetch
git status -sb
```

Mstari wa kwanza ni wa Mzee: unatafuta faili yoyote yenye herufi ndogo, au S kubwa, ambayo ni alama ya swichi nyingine ya jamaa hiyohiyo, `skip-worktree`. Ukitoa jibu lolote, skripti inasimama.

`git fetch` imewekwa kwa ajili ya Dodoma. Kule waliona `git status` ikisema tawi lao liko sawa na `origin/main` (tawi la seva), wakaendelea siku mbili, kumbe tumetuma komiti nne. Git haipigi simu kwenye seva unapouliza hali. Inatazama nakala ya mwisho uliyovuta, hata kama ni ya juzi. Baada ya `fetch`, mstari wa kwanza wa `-sb` ukasema wazi:

```
## main...origin/main [behind 4]
```

Wamevuta, hakukuwa na mgongano.

Jumamosi

Hali ya leo, saa kumi jioni. Faili 31, zote zina H kubwa kwenye kompyuta nne kati ya nne. Nimepiga simu kwa kila mmoja akanisomea. Faili ya ng'ombe imehakikiwa kwa mara ya kwanza, ikatoka na makosa matatu: mistari miwili iliyojirudia, na koma moja iliyozidi kwenye kimeta. Mzee amezirekebisha mwenyewe, akakomiti, na kabla ya kutuma akanisomea `git status -sb` bila mimi kumwomba.

Jumatatu anaanza mbuzi. Anasema homa ya mapafu ya mbuzi tumeiandika kama ile ya ng'ombe, na si ugonjwa mmoja.